Kero ndogo za pikipiki: zipi uzoee, zipi urekebishe, na vipi

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazotembea Tanzania, Kenya na Uganda zimebuniwa ziwe na bei inayofikika, zinywe mafuta kidogo, zibebe mzigo mzito, na fundi wa kijijini aweze kuzifungua kwa spana chache. Mengine yote yamekuja baada ya hayo. Ndiyo maana injini inaweza kudumu miaka mingi huku kioo cha pembeni kikikuonyesha kiwiko chako tu. Mbunifu aliweka fedha pale penye injini, akabana pale penye kioo, siti, swichi na stendi.

Kero hizi haziui pikipiki, na kwa sababu hiyo watu wengi huzivumilia zote kwa pamoja au huzishambulia zote kwa pamoja: wanakata nyaya, wanachomelea vyuma, wananunua vifaa vya kung'aa. Njia zote mbili zina hasara. Mwongozo huu ni wa anayetumia pikipiki yake kila siku, iwe kwa kazi ya bodaboda au kwa kwenda shamba na kurudi.

Anza kwa kuzichuja

Kwa wiki moja usiguse kitu. Kila kinapokukera kitu, ukishasimama kiandike kwenye simu: ni nini, ilikuwa wapi, mwendo gani, ulikuwa na abiria au peke yako. Kisha pitia orodha ukijiuliza swali moja: je, kero hii inaondoa macho yangu, mkono wangu au mawazo yangu barabarani?

Kioo kinachotetemeka kinakufanya ugeuze shingo mara mbili, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Siti inayokutelezesha mbele kila ukishika breki, ndiyo. Rangi ya tenki inayopauka, hapana. Honi yenye sauti nyembamba iko katikati, maana inategemea unaendesha wapi. Zenye jibu la ndiyo zishughulikie wiki hiyohiyo. Zilizobaki zinaweza kusubiri, na nyingine utashangaa kuona umezizoea bila kutumia hata shilingi.

Kabla ya kununua chochote, rekebisha kilichopo

Mengi tunayoyaita makosa ya kiwandani ni marekebisho ambayo hakuna aliyeyafanya tangu pikipiki itoke kwenye boksi. Ilifungwa kwa mtu wa wastani, na wewe huenda si huyo.

Kaa kwenye siti, funga macho, weka mikono kwenye usukani na nyoosha vidole juu ya mikono ya breki na klachi. Ukifungua macho, kiganja na mkono wako vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Kama kifundo cha mkono kimekunjika kwenda juu, legeza bolti za kibanio, zungusha mkono wa klachi kidogo, kaza. Kazi ya dakika 10, na maumivu ya kifundo ambayo wengi huyalaumia mtetemo wa injini mara nyingi huisha hapo.

Pedeli ya gia nayo inakaa kwenye shafti yenye meno. Kama kiatu chako ni kikubwa na unalazimika kuinua mguu mzima ili kubadili gia, toa bolti, chomoa pedeli, irudishe ikiwa imesogea jino moja. Jino moja tu, kisha jaribu. Pedeli ya breki ya nyuma ina skrubu yake ya urefu. Ukiigusa hiyo, hakikisha mambo mawili kabla ya kuondoka: gurudumu linazunguka huru pedeli ikiwa haijakanyagwa, na taa ya breki inawaka ukikanyaga na kuzimika ukiachia.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake. Tairi gumu kupita kiasi hufanya kila kokoto ifike mgongoni, na shokapu ndiyo inayolaumiwa.

Vioo

Vioo vina matatizo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kulegea. Kioo kinazunguka chenyewe kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Watu hukaza kwa kuzungusha kioo chote, na baada ya siku mbili kimerudi palepale. Njia sahihi ni hii: legeza nati ya chini, weka kioo kwenye mwelekeo unaoutaka, kishike imara kwa mkono mmoja, kisha kaza nati kwa spana bila kukiruhusu kizunguke. Nati ndiyo inayofunga. Ukitaka kuongeza uhakika, weka tone moja la gundi ya kufungia bolti, ile ya nguvu ya kati inayoweza kufunguka tena.

La pili ni kuonyesha mabega na viwiko. Hapa kioo ni kizima ila mguu wake ni mfupi kuliko upana wako. Kuna vipande vya kuongezea urefu, ama ununue kioo chenye mguu mrefu zaidi. Kabla ya kununua, pima uzi wa bolti ya kioo. Pikipiki nyingi za Kijapani na Kihindi zina uzi wa milimita 10, baadhi ya ndogo zina wa milimita 8. Yamaha nyingi zina uzi wa kinyume upande wa kulia, kwa hiyo ukilazimisha kuufungua kama wa kawaida utavunja sikio la usukani. Jambo jingine: vioo vilivyobinuka huonyesha eneo kubwa lakini hufanya gari la nyuma lionekane liko mbali kuliko lilipo. Ukibadilisha kimoja kwa aina tofauti, macho yatakuwa yanasoma umbali wa aina mbili. Badilisha vyote viwili.

La tatu ni kutetemeka mpaka taa za gari la nyuma zinakuwa ukungu. Mguu mrefu na mwembamba hutetemeka zaidi, na ndiyo sababu dawa ya tatizo la pili inaweza kuleta la tatu. Washa ya mpira, yaani pete bapa, kati ya mguu na kishikizo hupunguza, na kioo kizito kidogo hutulia kuliko kile cha plastiki nyepesi.

Na kuna wale wanaoving'oa kabisa ili wapite kwenye foleni. Sikubaliani nao. Anayependa kupenya kati ya magari ndiye anayehitaji zaidi kujua nani yuko nyuma yake.

Mtetemo kwenye mikono

Injini ya silinda moja inatetemeka kwa asili yake: pistoni moja inapanda na kushuka bila mwenzake wa kuisawazisha. Baadhi ya injini zina shafti ya kusawazisha ndani, nyingine hazina. Hutaufuta mtetemo, ila unaweza kuusogeza mahali usipokuumiza.

Angalia kwanza bolti zinazoshika injini kwenye fremu, vibanio vya usukani na mipira ya vikanyagio. Bolti moja ya injini iliyolegea inatosha kukufanya uamini pikipiki ilijengwa vibaya. Zikiwa sawa, tafuta mtetemo unaanzia mwendo gani. Kwa kawaida kuna kiwango fulani cha mizunguko ya injini ambapo unazidi sana, kisha chini na juu yake unapungua. Ukishakijua, usikae hapo. Ongeza gia au punguza mwendo kidogo.

Kwa vidole, mpira mnene wa usukani husaidia kuliko mwembamba. Mafundi wetu huvisha usukani kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya mpira wa awali, na ni ufumbuzi mzuri, mradi upande wa mafuta, yaani mkono wa kulia unaozungushwa kuongeza mwendo, tyubu isiguse boksi la swichi, kwa sababu ikikwama mafuta hayatarudi ukiachia. Vyuma vizito vinavyofungwa kwenye ncha za usukani pia hutuliza. Kwa anayesafiri lami ndefu, kubadilisha sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kutoka meno 14 kwenda 15 hupunguza mizunguko ya injini kwa takriban asilimia 7 katika mwendo uleule. Gharama yake utaiona kwenye mlima ukiwa na abiria na gunia. Mimi nisingemshauri hivyo mtu wa milima ya Lushoto.

Vidole vikiendelea kufa ganzi hata usiku ukiwa umelala, hilo si la fundi tena, nenda hospitali.

Stendi ya pembeni, na kwa nini usiizoee

Kuna sehemu mbili hapa. Ndogo ni stendi kuzama kwenye mchanga au udongo wa masika na pikipiki kulala. Mchomeleaji akuwekee kipande cha bamba chini ya mguu wa stendi, sentimita 6 kwa 6 hivi, kingo zikiwa zimelainishwa. Kipande kisiwe kinene, kwa sababu kila unene unaoongeza unaifanya pikipiki isimame wima zaidi, na ikisimama wima sana upepo tu unaiangusha upande wa pili. Kwenye mteremko, elekeza pua juu na uache gia ya kwanza.

Kubwa ni hili: pikipiki nyingi za bei ya chini hazina swichi ya kuzima injini stendi ikiwa chini. Stendi iko kushoto. Ukiondoka nayo imeshuka, mambo yanaonekana sawa mpaka unapolala kwenye kona ya kushoto. Chuma kinagusa ardhi na kuinua gurudumu la nyuma. Kero hii haipaswi kuzoeleka hata kidogo. Kwanza kagua springi: stendi ikiinuliwa ipande yenyewe kwa kishindo na ibaki juu hata ukipita kwenye shimo. Springi iliyolegea ibadilishwe, ni ya bei ndogo. Pili, fundi umeme anaweza kukufungia swichi inayozima injini au kuwasha taa nyekundu kwenye dashibodi. Tatu, ujenge mazoea ya mguu: kila kabla ya kuingiza gia ya kwanza, kisigino cha kushoto kinapiga nyuma kugusa stendi. Ifanye hata kama umeiona iko juu.

Mafuta: bomba, geji na kifuniko

Kwenye pikipiki zenye kabureta, bomba la mafuta lina nafasi tatu: wazi, akiba na kufunga. Ndani ya tenki kuna mrija mrefu na tundu la chini. Kwenye nafasi ya kawaida injini inanyonya kupitia mrija mrefu. Mafuta yakishuka chini yake injini inakohoa, nawe unageuza kwenye akiba inayonyonya kutoka chini kabisa. Kinachokera ni kwamba bomba liko chini ya tenki upande wa kushoto, nawe uko katikati ya barabara lori likiwa nyuma yako.

Jizoeze kuligeuza kwa mkono wa kushoto bila kutazama, pikipiki ikiwa imesimama nyumbani, mpaka vidole vijue kila nafasi. Na kila ukijaza mafuta, rudisha kwenye nafasi ya kawaida kabla ya kulipa. Anayesahau hilo siku moja atakohoa akiwa hana akiba yoyote.

Geji ya mafuta kwenye tenki lenye umbo la pikipiki husema ukweli kidogo tu, kwa sababu kielea chake hupanda na kushuka pikipiki ikiinama. Tegemea kilomita. Jaza tenki mpaka alama fulani, andika kilomita, tembea kwa kawaida yako, kisha jaza tena mpaka alama ileile. Mfano, umetembea kilomita 180 na imeingia lita 4: ni kilomita 45 kwa lita. Kama tenki ni la lita 10 na akiba ni lita 1.5, una lita 8.5, yaani kama kilomita 380 kabla ya kugusa akiba. Panga kujaza ukifika 300. Ukibeba abiria muda wote, fanya hesabu hiyo ukiwa na abiria.

Kifuniko cha tenki ni chanzo cha tatizo linalowachanganya hata mafundi. Kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikizibwa na vumbi na matope, mafuta yanapungua bila hewa kuingia, na baada ya kilomita kadhaa injini inazima kama iliyoishiwa. Unasimama, unahangaika, baada ya dakika chache inawaka tena. Likikutokea:

1. Injini ikizima, fungua kifuniko papo hapo na usikilize.
2. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi, na pikipiki ikawaka, umepata jibu.
3. Safisha kitundu kwa waya mwembamba na upepo, kifuniko kikiwa nje ya tenki.
4. Angalia pia tundu la kutolea maji pembeni ya mdomo wa tenki kama lipo. Likiziba, mvua inatuama kuzunguka kifuniko na kupenya ndani.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, pale pale akiba inaponyonya. Wakati wa masika, pikipiki inayokohoa mara tu ukienda akiba mara nyingi ina maji. Kama bomba lako lina kikombe cha uchafu, kifungue ukimwage, mbali na moto na sigara.

Na ukiegesha usiku, funga bomba. Sindano ya kabureta ikivuja, petroli inaweza kushuka hadi kwenye oili ya injini.

Taa inayofifia ukisimama

Washa injini usiku, acha ikae mizunguko ya chini, tazama mwanga ukutani. Ongeza mafuta. Kama taa kubwa inang'aa na kufifia pamoja na injini, na haiwaki kabisa injini ikiwa imezimwa, inapata umeme moja kwa moja kutoka magneto, kifaa cha injini kinachozalisha umeme, bila kupitia betri. Ni ubunifu wa makusudi: hata betri ikifa, una taa ya kufika nyumbani.

Usikimbilie balbu kubwa. Balbu ya kawaida ya pikipiki hizi ni wati 35 kwa 35, yaani taa ya juu na ya chini. Ukiweka ya 60, magneto haiongezi umeme, waya na soketi vinapata moto, na kioo cha plastiki kinaanza kuwa cha njano. Balbu za LED ni nafuu kwa umeme, lakini nyingi humetameta kwenye umeme wa magneto; nunua iliyoandikwa kuwa inakubali umeme wa aina zote mbili (AC na DC), na ijaribu dukani injini ikiwa inawaka.

Kabla ya hayo yote, elekeza taa. Hili linasahaulika, nalo hubadilisha usiku wako kuliko balbu yoyote. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani kwenye ardhi tambarare, ukiwa umekaa juu yake. Mtu akuwekee alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa. Washa taa ya chini. Ukingo wa juu wa mwanga uangukie kama sentimita 5 chini ya alama. Rudia ukiwa na abiria, kwa sababu mkia ukishuka taa inapanda na kuwapofusha wanaokuja. Dereva wa bodaboda aielekeze akiwa na abiria.

Indiketa isiyojizima yenyewe ni ya kuzoea kwa nidhamu: kila ukimaliza kona, kidole gumba kinabonyeza, hata kama unaamini ulishazima. Dereva anayekuona ukiwasha kushoto anaingia barabarani akijua unakata kona. Kengele ndogo inayolia indiketa ikiwaka ni ya bei nafuu na inafaa.

Siti, ekzosi na nguo za abiria

Siti nyingi zina mteremko wa kwenda mbele. Abiria anateleza, anakusukuma kwenye tenki, nawe unaegemea mikono. Fundi siti anaweza kuinua sehemu ya mbele kwa kipande cha sponji ngumu. Mwambie mambo mawili: mshono usipite pale unapokalia, na chini ya ngozi atandike karatasi ya nailoni, la sivyo mvua itapita kwenye tundu za sindano na utakalia sponji mbichi mpaka jua la mchana. Ngozi inayong'aa sana ikatae, inateleza.

Ekzosi kwa kawaida iko kulia, kwa hiyo abiria apande na kushuka kwa kushoto. Mwambie kila mara, hata aliyezoea. Kinga ya joto ikilegea na kugonga, watu huitoa kwa sababu ya kelele. Irudishe, uifunge kwa washa mpya. Mtu akiungua shavu la mguu, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Pikipiki zilizobuniwa India huja na kinga ya chuma pembeni ya gurudumu la nyuma, kushoto. Sheria ya huko inataka hivyo, kwa sababu wanawake wengi hukaa upande mmoja wakiwa wamevaa sari. Hapa kwetu vijana wengi huitoa waweke mabampa ya mizigo. Lakini dera, khanga na buibui huning'inia vilevile kama sari, na hushikwa na spoku na mnyororo vilevile. Iache. Na kama kifuniko cha mnyororo kinapiga kelele, weka mpira pale kinapogusa chuma, usikitoe.

Gia ya huru isiyopatikana

Kwenye taa za barabarani unapiga pedeli juu chini na haikai. Itafute gurudumu likiwa bado linazunguka, kabla hujasimama kabisa. Kama hata hivyo inagoma, pima ulegevu wa mkono wa klachi kwenye ncha: milimita 10 hadi 20. Ukizidi hapo, klachi haiachii yote. Oili iliyochakaa nayo huleta tatizo hilihili injini ikipata moto. Na ukiazima pikipiki ya mwenzako, uliza mpangilio wa gia kabla ya kuondoka. Nyingine zinaenda zote mbele, nyingine ya kwanza chini na zilizobaki juu.

Usivyopaswa kugusa, na jinsi ya kupima ulichofanya

Fremu isichomelewe wala kutobolewa kwa sababu ya kero. Waya wowote wa nyongeza uwe na fyuzi yake karibu na betri. Kama pikipiki bado iko kwenye dhamana, muulize muuzaji kabla ya kukata waya. Vifaa vya awali viweke kwenye mfuko, viandikwe. Mnunuzi wa baadaye atavitaka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kipi kimesaidia. Kila ukigusa usukani, vioo, swichi au mipira ya mikono, fanya jaribio hili kabla ya kuondoka: washa injini pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gia ikiwa huru, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Mlio wa injini usibadilike. Ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa mahali fulani. Tafuta ilipobanwa, uipitishe upya. Zungusha mafuta na uachie: lazima yarudi yenyewe, kushoto, katikati na kulia. Baada ya siku mbili tatu za kutembea, rudi na spana ukague kila bolti uliyoifungua.